Nusu kioo, mtu mzima

Jamani mwezi uliopita nlifanya ujinga ambao mpaka leo nikikumbuka nacheka mwenyewe. Nlienda Kariakoo nikanunua kioo kirefu, kile cha kusimama unajiona kuanzia kilemba mpaka kidole gumba cha mguu, futi tano na ushee, na badala ya kuchukua bajaji nikasema aah, hela ya bajaji ni mboga ya siku mbili, nikapanda boda. Kioo nimekikumbatia kati yangu na dereva, kimefungwa boksi na kanga juu, safari ya Mbagala ikaanza. Barabara ya Kilwa tumeimaliza salama, mi moyoni nishaanza kujisifu, tumeingia mtaani kwetu kabisa, tuta la mwisho, dereva hakupunguza mwendo. Nikasikia kifuani "kra". Sio mlio mkubwa, kamlio tu kama mtu kang'ata kashata. Dereva akageuka, "Dada, kimepona?" Nikamwambia endesha tu kaka.

Hakijapona. Kimepasuka mshazari karibu na katikati, upande mmoja vipande vipande, upande wa pili mzima ila una ncha kama panga. Nikaubeba ule mzima mpaka kwa fundi vioo Rangi Tatu anikatie uwe na mstari ulionyooka, nikautundike bafuni angalau niwe napigia mswaki. Fundi akalaza kioo mezani, akaweka rula, akapitisha kile kikatio chao chenye kigurudumu, tak, ncha ikadondoka. Akapima, sentimita 84. Akaniangalia juu mpaka chini akaniuliza urefu wangu, nikamwambia kama 160 hivi. Akasema, "Basi bafuni usipeleke, hiki kinakutosha mwili mzima. Ila kitundike panapotakiwa."

Nikajua ananifariji. Mtu wa sentimita 160 ataonekanaje kwenye kioo cha 84, si ni kama kumvalisha mtu mzima sare ya chekechea? Nikalipa, nikaondoka, njiani namcheka. Nimefika home nikakishikilia ukutani nikakipandisha nikakishusha, na kweli kuna mahali kilipofika nikajiona nywele mpaka kandambili. Nikarudi nyuma hatua tatu, bado najiona vile vile, sio zaidi sio pungufu. Hapo ndo usingizi ukaisha. Na ndo maana leo mnasoma habari za mwanga kwenye blogu ambayo kawaida ni ya mapishi, mnisamehe.

Tuanze na kitu ambacho wengi tunakikosea. Mtoto wa dada yangu, anakaa na mimi, yuko darasa la kwanza, nilimpa karatasi nikamwambia chora wewe unavyojiona kwenye kioo. Akachora mtu, akachora kioo, halafu mishale inatoka machoni inaenda kwenye kioo. Msimcheke, watu wazima wenye ndevu kule Ugiriki ya zamani waliamini hivyo hivyo, kwamba jicho linatoa miale inaenda kupapasa vitu. Aliyekuja kuivunja hiyo habari kwa hoja na majaribio ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi Kairo miaka ya 1000 na kitu. Hoja yake moja ni rahisi mpaka inauma, ukiangalia jua macho yanakuuma, sasa kama jicho ndo linatoa kitu kwenda kwenye jua, kinachokuumiza kinatoka wapi? Mwanga unatoka kwenye jua au taa, unapiga kitu, unadunda, unaingia jichoni. We unapokea tu.

Kwahiyo mguu wangu nauonaje kwenye kioo? Mwanga wa dirishani unapiga mguu, unatawanyika kila upande, sehemu yake inaenda kwenye kioo, inadunda, na kati ya hiyo iliyodunda kuna kamwale kanachopanda mpaka jichoni kwangu. Na kudunda kwenyewe kuna adabu yake. Wale wanaocheza puli pale kijiweni wanaijua bila kusoma, mpira ukiugonga kwenye ukingo wa meza kwa pembe fulani na bila kuuzungusha, unaondoka kwa pembe ile ile upande wa pili. Ukiingia umelala unatoka umelala, ukiingia umesimama wima unarudi ulikotoka. Mwanga ni hivyo hivyo, tena wenyewe hauchoki kama mpira. Pembe ya kuingia sawa na pembe ya kutoka, basi, hiyo ndo sheria nzima ya kioo bapa, hakuna sheria nyingine iliyofichwa.

Sasa ukiichukua hiyo sheria ukachora mistari, unakuta kitu kimoja kizuri sana, yule mtu wa kwenye kioo yuko nyuma ya kioo umbali ule ule ambao we uko mbele yake. Umesimama mita moja, na yeye mita moja ndani ya ukuta. Mita mbili, mita mbili. Yaani kioo ni kama kadirisha kaliko katikati kabisa kati yako na pacha wako, na we unachungulia kupitia hako kadirisha. Mstari kutoka jichoni kwako mpaka kwenye kidole chake cha mguu unapita kwenye kioo ukiwa nusu ya safari, kwahiyo unapita nusu ya kimo cha macho. Mi macho yangu yako sentimita 148 kutoka chini, nusu yake ni 74. Kioo kikianzia 74 naona miguu, na chini ya hapo kioo chote ni hela ya bure, kinanionesha sakafu. Juu ni hivyo hivyo, katikati ya macho na utosi, 148 na 160, unapata 154. Toa 74 kwenye 154, unabaki na 80. Fundi kanipa 84, kaniachia na nne za kilemba.

Na umbali haujaingia popote kwenye hiyo hesabu, mmeona? Kila siku dukani tunarudi nyuma "ngoja nijione mpaka chini", tunakanyagana, kumbe kama kioo kiko wima ukutani na hakioneshi miguu ukiwa karibu, hakitaonesha hata ukirudi mpaka Zakhem. Ukirudi nyuma na pacha naye anarudi nyuma, mnabaki pale pale. Unachopata ukirudi ni kuona zaidi ya chumba, kabati, kitanda ambacho hakijatandikwa. Jaribuni, bandikeni selotepu usawa wa pale mwili unapoishia kwenye kioo halafu mrudi nyuma. Mi mwenyewe nlijaribu mara nne mana sikuamini.

Basi nikatundika, misumari miwili, chini 74 juu 158, safi. Asubuhi yake mtoto kavaa sare kaja kujiangalia, akaanza kulia. "Ma'mdogo, kioo kibaya, hakina viatu." Nikapiga hesabu, macho yake yako 104, mstari wa ukingo wa chini wa kioo unamfikisha sentimita 44 juu ya sakafu, yaani anajiona kuanzia juu ya magoti. Soksi mpya nyeupe, viatu vimepigwa rangi, hakuna anachoona. Kwa yeye kioo kingetakiwa kianzie 52. Kututosha wote wawili, kuanzia 52 mpaka 154, ingebidi kiwe cha 102. Hapo ndo nikajua kwanini vioo vya dukani ni virefu, havijatengenezwa kwa mtu mmoja, vimetengenezwa kwa yeyote atakayeingia.

Nikajifanya mjanja. Nakumbuka sebule za zamani vioo na picha vilikuwa vinatundikwa na kamba, juu vimeinama mbele kama vinakusalimia. Nikasema nikiinamisha kitaangalia chini, mtoto ataona viatu. Na ni kweli, tena kuna faida, ukiinamisha kioo kidogo mwale unageuka mara mbili ya ulivyoinamisha, digrii sita za kioo zinakuwa kumi na mbili za mwanga. Nikaweka kipande cha mbao nyuma kwa juu, mtoto akasimama mita mbili hivi, akaona viatu, akafurahi akaenda shule. Mimi nikaja kujiangalia baada yake, sina kichwa. Gauni lipo, mabega yapo kwa shida, shingo hamna. Nilicheka peke yangu kama chizi. (Hapo kioo kikishainama, umbali unaanza kuwa na maana, msije mkanisuta, ile habari ya umbali ni ya kioo kilichosimama wima.)

Dawa ilikuwa rahisi kuliko fizikia, kreti tupu la soda. Anahitaji kuinuliwa sentimita 22 tu na kreti ni zaidi ya hapo, anapanda, anajiona wote, anashuka.

Swali lake la pili lilikuwa lile lile ambalo hata sisi tunalo mpaka uzeeni, kwanini maandishi ya kwenye begi lake yamegeuka. Na hapa naomba niwe mkali kidogo mana hili swali limeharibiwa na majibu ya haraka haraka. Watu wanasema kioo kinageuza kushoto kuwa kulia. Haya, kama kinageuza kushoto na kulia mbona hakigeuzi juu na chini? Kinajuaje wapi ni pembeni na wapi ni juu, kimesomea wapi? Ukilala ubavu mbele yake kinabadilisha mawazo? Kioo hakigeuzi kushoto wala kulia. Mkono wako wa mashariki unaakisiwa upande wa mashariki, kichwa cha juu kinabaki juu. Kinachogeuzwa ni mbele na nyuma, pua yako inaangalia kaskazini ya kwake inaangalia kusini, basi. Sisi ndo tunajisumbua, tunamwangalia yule kama mtu aliyetembea akazunguka akaja kusimama mbele yetu, kwahiyo tunahesabu mkono wake kwa kujivika nafasi yake.

Na maandishi je? Maandishi umeyageuza mwenyewe. Karatasi uliyoisoma ilikuwa inakuangalia wewe, ili kioo kiione umeizungusha kwa mkono wako, ukaizungusha kushoto kulia kama ukurasa wa kitabu. Ungeizungusha kwa kuipindua kichwa chini miguu juu, kioo kingekuonesha maandishi yaliyopinduka juu chini na hapo ungelaumu kitu kingine. Jaribio lake, chukua karatasi ya nailoni ile ya kuonesha ya kufungia faili, andika jina lako kwa marka, ishike mbele yako uisome, halafu angalia kwenye kioo bila kuigeuza. Jina linasomeka sawa, kwenye mkono na kwenye kioo. Nilipomuonesha mtoto alinyamaza, halafu akaanza kutafuta maneno ambayo hata ukiyageuza hayageuki. OMO aliipata mwenyewe kwenye pakti ya sabuni. Mi nikampa AMA. Tukahangaika usiku mzima, tukapata UTU. Siri ni herufi zenye mabega sawa, A, H, I, M, O, T, U, V na ndugu zao, halafu neno liwe linasomeka mwanzo mwisho. MAMA ilitutoa jasho, herufi zote ziko sawa ila kwenye kioo inasoma AMAM. Ndo maana pia magari ya wagonjwa mbele yameandikwa kinyume, sio aliyechora kalewa, ni ili dereva aliye mbele akiangalia kwenye kioo chake cha ndani asome vizuri apishe.

Turudi kwenye vipande vilivyovunjika, mana vinaonesha ubavu wa kioo ambao kawaida umefichwa na fremu. Ukiangalia pembeni utaona gilasi, halafu nyuma kabisa utando mwembamba wa madini unaong'aa, halafu rangi ya kuulinda. Kazi yote inafanywa na ule utando, fedha au aluminiamu, gilasi ni ya kuushikilia tu uwe bapa. Gilasi tupu inarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila uso, ndo ile sura yako unayoiona kwenye dirisha la daladala usiku, mchana ipo pia ila mwanga wa nje unaizidi nguvu. Hii ya kupaka fedha kwenye gilasi kwa kemikali ni ya Mjerumani Justus von Liebig, 1835, kabla yake vioo vizuri vilipakwa bati na zebaki, na zebaki ni sumu, waliokuwa wanavitengeneza waliumia. Fundi wangu aliniambia bafuni si mahali pazuri kwa sababu unyevu unaingia pembeni unakula ule utando, yale madoa meusi ya kingo za vioo vya gesti ndo hayo.

Na kwa kuwa tumetaja gesti, ile meseji ya WhatsApp ya kugusa kioo kwa ukucha, kwamba ukucha wako na wa kwenye kioo vikigusana basi kuna mtu anakuchungulia nyuma. Ile nafasi kati ya kucha mbili inatokana na unene wa gilasi kwa sababu utando uko nyuma, hakuna zaidi. Kuna vioo vya kawaida vyenye utando mbele, na cha kuchungulia kinaweza kuwa na utando upande wowote. Kioo cha kuchungulia kinafanya kazi kwa ujanja mwingine, utando mwepesi unaopitisha mwanga kidogo, na chumba chako kiwe na mwanga mwingi na chao kiwe giza. Kwahiyo kama una wasiwasi zima taa, weka tochi ya simu imegusana na kioo, ziba pembeni kwa mikono uchungulie we. Kama nyuma kuna chumba utakiona.

Nyingine ni ya bibi yangu, mvua ikianza tu kunguruma anafunika vioo vyote kwa khanga, eti vinaita radi. Radi haiitwi na kioo, inatafuta njia ya kwenda ardhini na mara nyingi inapitia kilicho kirefu, mnazi au mnara. Ila namuelewa, ule mwako ukipiga kioo chumba kizima kinawaka mara mbili, ungekuwa wewe kwenye nyumba ya makuti usingefunika? Nikiwa kwake nafunika na mimi, sina ubishi naye.

Ukuta nao unaakisi, usiudharau, ukuta mweupe unarudisha mwanga mwingi tu. Tofauti yake na kioo ni kwamba uso wake una mabonde na milima midogo, kila mwale unadunda kivyake, ni sawa na kumwaga gololi kwenye kokoto. Mwanga unarudi, picha hairudi.

Sasa mchezo tulioupenda kuliko yote. Nilichagua vipande viwili vidogo, nikavipiga selotepu kingo zote, narudia, KINGO ZOTE, nikavisimamisha kama kitabu kilichofunguka, katikati nikaweka shilingi mia. Ukivifungua digrii 90 unaona sarafu tatu ndani ya vioo, na ile ya kweli ya nne. Ukifunga mpaka 60 zinakuwa tano ndani. Kanuni yake tuliikariri fomu wani, 360 gawa kwa pembe toa moja, nlipata A sikuelewa chochote, nimeielewa nikiwa na miaka 34 nimekaa kwenye mkeka. Halafu viwekeni 90 tena, sogezeni uso kwenye maungio, mnakonyeza jicho la kulia na yule anakonyeza la kwake la kulia. Ndo sura ambayo watu wengine wanaiona wakiniangalia, kumbe mwanya wangu uko upande ule. Sikuipenda.

Ukiongeza kipande cha tatu chini, vitatu vikutane kama kona ya chumba, mwanga wowote unaoingia humo unadunda mara tatu na kurudi ulikotoka, haijalishi umeingilia wapi. Ile plastiki nyekundu nyuma ya baiskeli ni mamia ya kona ndogo za hivyo, ndo maana taa za gari lako zikiipiga inakuwakia wewe na sio mtu wa pembeni. Na kuna riflekta kama hiyo iko mwezini, sio utani. Julai 1969 wale wa Apollo 11 waliacha kibao chenye kona 100 za gilasi safi, wanasayansi wanapiga leza kutoka duniani, inaenda na kurudi kwa sekunde mbili na nusu hivi, na kwa kupima hivyo wamejua mwezi unatuacha kama sentimita 3.8 kila mwaka. Mtoto aliposikia hivyo akauliza kama kwenye kioo cha chumbani napo mwanga unachelewa. Unachelewa, nikamwambia, ukisimama mita mbili mwanga unaenda na kurudi mita nne, ukigawa sekunde moja vipande bilioni unatumia kama 13. Kwahiyo unajiona wa zamani kidogo. Akafikiria. Akasema basi akijiangalia akiwa mbali zaidi ataona alivyokuwa hajang'oka jino.

Kioo kiko wima sasa, mbao nimetoa, kreti liko chini yake na lina kitambaa juu. Vile vipande vidogo nimevifunga kwenye gunia uvunguni, mwenye kuvihitaji aje avichukue, ila asije na boda.